Nimehamia Linux Mint hapa steshenari, niongeze programu zipi? (naomba mnielekeze taratibu)

Chapa_Kihonda

Wakuu heshima kwenu, naomba msaada na msinicheke.

Nina kiofisi changu cha steshenari hapa Kihonda, Morogoro. Kazi zenyewe mnazijua, kuchapa barua na risala, kutoa kopi, kuskani vyeti, passport size, kadi za mchango wa harusi, na ukifika msimu wa maombi ya vyuo watoto wanajaa mlangoni mpaka benchi halitoshi. Mashine ninayotumia ni HP EliteBook 840 G3, i5 ya kizazi cha sita, RAM 8, niliichukua used. Ilikuwa na Windows 10, na hiyo tangu tarehe 14 Oktoba 2025 haipewi tena apdeti za bure za kawaida, nikajaribu kupanda Windows 11 ikanikatalia kwamba prosesa haifai, wanataka kuanzia kizazi cha nane kwenda juu. Na virusi vya flashi ndio usiseme, mteja mmoja anachomeka asubuhi, mpaka jioni flashi za wateja wote zina shotikati tupu.

Basi mdogo wangu wa chuo akaja wikiendi na flashi yake, akafuta Windows yote akaniwekea mfumo wa Linux Mint 22 Cinnamon badala yake, akaniambia dada hii utanishukuru, akapanda basi akarudi Dodoma. Simu hapokei ana mitihani.

Ukweli mashine imekuwa nyepesi, inawaka haraka, feni haipigi kelele. Ila leo siku ya tatu na nimeshatoka jasho. Mteja kaleta risala yake ya kuagwa mstaafu, kwao ilikuwa kurasa mbili, kwangu ikatoka kurasa tatu na jina la mgeni rasmi limeangukia ukurasa wa tatu peke yake. Mwingine anataka PDF yake ipunguzwe ukubwa, zamani nilikuwa naingia kwenye tovuti fulani hivi, sasa bando lilikuwa limekata.

Nimesoma mtandaoni kuna listi ya programu 50 za lazima ukishaweka Linux. Nyingine hata sijui zinafanya nini. Bando langu ni la wiki na ndilo hilo hilo linahudumia wateja, siwezi kushusha kila kitu. Wenye uzoefu niambieni zipi ni za lazima kwa kazi kama yangu na zipi niachane nazo.

---

kipara_wa_kkoo

Kaka achana na hiyo listi ya 50. Nusu yake unayo tayari, Mint inakuja na Firefox, LibreOffice (ya kuchapia, kama Word), Thunderbird ya barua pepe, ya kuskani ipo, ya kuangalia video ipo, ya bakapu ipo. Nusu iliyobaki ni za watu wanaoandika kodi na wanaopenda kupamba skrini.

Kitu kimoja cha haraka, fungua menyu andika "codecs", kama mdogo wako hakutiki ile sehemu wakati anainstoli basi utakuta pale Install Multimedia Codecs, bofya. Bila hiyo mteja ataleta video ya harusi igome halafu aseme steshenari ya kaka mbovu.

---

Mwl_Komandi

Mkuu tatizo lako la risala ya kurasa tatu ni fonti, na watu wengi wanaokimbia Linux wanakimbizwa na hili wakidhani LibreOffice ni mbovu, sasa ngoja nikueleze vizuri maana kwenye kazi yako hapa ndipo pesa ilipo.

Mteja kaandika kwao kwa Calibri. Calibri ni fonti ya Microsoft, haiji na Linux. Mashine yako ikikuta jina Calibri na haina, inachukua fonti nyingine inaweka badala yake, sasa ile nyingine ikiwa pana kidogo tu, hata kwa unywele, mstari uliokuwa unatosha unavunjika, neno moja linashuka, aya inaongezeka mstari, na mpaka ufike mwisho umepata ukurasa mpya wa bure. Hakuna kilichoharibika kwenye faili.

Dawa ni fonti ambazo zimechorwa kwa upana ule ule. Carlito inakaa mahali pa Calibri, Caladea inakaa mahali pa Cambria. Sura haifanani kwa asilimia mia ila upana wa kila herufi ni ule ule, kwa hiyo mistari inakatika pale pale ilipokatika kwa mteja. Fungua terminali (lile dirisha la kuandikia amri) andika

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Ni ndogo, bando halitasikia. Kama zipo tayari itakwambia zipo, huna hasara. Times New Roman na Arial zenyewe zina mbadala wa upana ule ule unaoitwa Liberation na huwa umo tayari, lakini kwa steshenari mimi ningeweka na zile halisi maana mteja akiona sura imebadilika anaanza maswali:

sudo apt install ttf-mscorefonts-installer

Hii inaleta Arial, Times New Roman, Georgia, Verdana, Comic Sans (ndiyo, walimu wa chekechea wataiulizia) na nyingine chache. Angalia sana hapa, HAILETI Calibri, watu wanaiweka hii peke yake halafu wanalalamika risala bado inahama. Zote mbili ziwepo. Ukimaliza funga LibreOffice yote uifungue upya.

Jambo la pili. LibreOffice ukisevu yenyewe inasevu odt, aina yake ya faili, mteja akifika kwao kwenye Word anaanza kukupigia simu. Ingia Tools, Options, Load/Save, General, pale kwenye Always save as chagua ile ya Word yenye 365, fanya hivyo hivyo kwa Excel na PowerPoint. Mara moja tu umemaliza.

Na kwa zile docx (faili za Word) ngumu zenye majedwali na mabox yaliyopandiana (CV za kupakua mtandaoni ndio mabingwa) weka na ONLYOFFICE Desktop Editors pembeni. Yenyewe kazi yake yote imejengwa juu ya docx kwa hiyo mpangilio haiugusi sana. Mimi natumia hivi, faili la mteja la Word la kuprinti tu naifungulia ONLYOFFICE, kazi ninayoichapa mwenyewe kuanzia mwanzo naifanya LibreOffice. Lakini usiifute LibreOffice kwa sababu ukiletewa faili la Publisher, lile la .pub, hakuna mwingine atakayelifungua hapo kwako, LibreOffice Draw inalifungua. Siyo kila mara linatoka safi ila linafunguka.

---

bwana_shoti

yaani risala ya mstaafu mpaka terminali?? 😂😂 mpeni pole yake mzee aondoke salama

---

Chapa_Kihonda

Kwanza mimi ni dada jamani sio kaka wala mkuu 😀

Pili Mwl asante, Carlito nimeweka imeingia sekunde tu, nimefungua ile risala imerudi kurasa mbili! Nimepiga ukelele mpaka wa duka la dawa hapo jirani kaja kuchungulia.

Ila hii ya pili ya mscorefonts imenitolea skrini ya maandishi ya sheria sheria, chini kuna OK, nabofya OK na mausi haifanyi kitu. Nimebonyeza Enter mara kumi imekaa tu. Nimekata niliogopa nimeharibu.

---

Mwl_Komandi

Samahani sana dada. Hapo kila mtu amekwama siku yake ya kwanza, hata mimi. Ile skrini mausi haiifikii. Bonyeza kitufe cha Tab mpaka OK iwake rangi, ndipo Enter, itakuja ya pili ya kukubali, Tab tena mpaka Yes, Enter. Kwa kuwa ulikata katikati inawezekana itasema kuna kazi haikumalizika, andika sudo dpkg --configure -a halafu urudie. Iache iwe na intaneti maana inazifuata fonti zenyewe huko zilipo.

---

cyber_ya_Likoni

Dada mie nina cyber hapa Likoni Mombasa, Linux natumia mashine nne mwaka wa tano huu kwa hivo haya yako nimeyapitia yote. Huku kwetu wateja ni wa KRA (kodi) na eCitizen (huduma za serikali mtandaoni) na mambo ya shule, lakini flashi ni zile zile.

Tuanze na flashi. Vile virusi vya shotikati kwako havitafanya kazi, vimeandikwa vya Windows. Na raha yake ni kwamba mafaili ya mteja aliyoambiwa na fundi kwamba yamefutika, wewe utayaona. Kirusi huwa hakifuti, huyaficha tu kwa alama ya Windows ya kuficha, na Linux hiyo alama haiijali, ukifungua flashi utaona mafaili yote, saa nyingine yamesukumwa ndani ya folda isiyo na jina, pamoja na vile vijishotikati vya takataka. Wayakopi mafaili kwenye mashine, waiformati flashi, wayarudisha. Mie hiyo ni kazi naitoza pesa na wateja wananiona mganga.

Lakini usijisahau ukawa mchukuzi. Wewe huumwi ila mteja akitoka hapo na exe yake (faili lenye kirusi) akaichomeka kazini kwao ataumwa. Weka clamav ya kukagua virusi, hiyo tu, usiweke clamav-daemon maana hiyo yakaa kwenye RAM saa zote na yala zaidi ya GB moja, kwa RAM 8 ni dhuluma. Ukitaka kukagua flashi waandika clamscan -r halafu waiburuta folda ya flashi ndani ya terminali, njia yajiandika yenyewe. Ni polepole, flashi kubwa waweza kwenda kunywa chai.

Halafu hili nakusihi, EJECT. Linux ikikopi kwenye flashi saa nyingine yakwambia imemaliza na bado haijamaliza, vitu viko kwenye RAM vyangoja kuandikwa. Kwa Windows watu wamezoea kuchomoa tu. Mwaka wangu wa kwanza mteja alichomoa flashi na proposal yake ya chuo, kufika kule faili ni tupu, alirudi hapa na mamake. Tangu siku hiyo nimebandika karatasi ukutani, hakuna kuchomoa mpaka mie niseme.

Sasa PDF, hapa ndipo utakula. Weka pdfarranger. Ni kidogo, iko kwenye duka la Mint, yaunganisha PDF, yageuza kurasa zilizolala, yatoa ukurasa usiotakiwa, vyote kwa kuburuta na mausi. Mteja aja na vyeti vitano ataka viwe faili moja, nusu dakika umemaliza na hujagusa bando.

Kupunguza ukubwa kwa zile portal zinazokataa faili kubwa, hii isevu mahali:

gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -o ndogo.pdf kubwa.pdf

Hiyo gs ni Ghostscript, kwa kawaida imo tayari kwa sababu ya mambo ya kuprinti. Ikiwa bado ni kubwa badala ya /ebook weka /screen lakini hiyo yaharibu picha, mihuri ya vyeti yaweza kuwa ukungu, angalia kwanza kabla hujamtumia mtu. Kingine, cheti cha kutuma kwa kompyuta cha nini kukiskani dpi 600 (nukta kwa inchi)? Skani 200 au 300 na nusu ya tatizo la ukubwa haliji kabisa.

---

Fundi_Makabati

Nasoma tu hapa mnamdanganya dada wa watu. Mimi nimefanya ufundi miaka mingi na nawaambia steshenari bila Windows haitembei. Photoshop haipo huko. QuickBooks ya kompyuta haipo, akija mwenye duka lake anataka kufunguliwa hesabu zake unamwambia nini? Na printa je? Nilimwekea mteja wangu mmoja Linux, printa yake ya leza, ya kampuni kubwa tu sitaitaja, ilikataa kabisa kabisa, wiki nzima natafuta draiva, mwisho nikamrudishia Windows na pesa yangu sikupata yote.

Dada weka Windows na Linux pamoja mashine moja, ikiwaka unachagua. Na hizo fonti si unakopi tu folda ya Fonts kutoka mashine yoyote ya Windows unamaliza, mambo ya Carlito ya nini.

---

Mwl_Komandi

Fundi kwenye printa una haki na mimi sitakubishia. Ndiyo maana huwa naanza kuuliza printa gani kabla ya kumwekea mtu Linux. Dada hujasema ya kwako ni ipi? Zile za tenki za Epson nyingi zinaendeshwa na printer-driver-escpr, HP zinaendeshwa na hplip na baadhi ya leza ndogo kama P1102 zinataka nyongeza, unaandika hp-plugin inaishusha yenyewe. Printa mpya nyingi zenye Wi-Fi zinajulikana bila kuweka chochote. Zile ambazo mtengenezaji hakujali Linux kabisa, hapo hakuna muujiza, unakaa nazo au unabadilisha.

Fonti za kukopi zitafanya kazi ila zina leseni ya Windows, kwenye ofisi ya biashara mimi simshauri mtu. Carlito ni bure na imemaliza tatizo, mwenyewe kasema.

Windows na Linux pamoja kwenye SSD (diski) ndogo ya mashine moja ya kazi sikubaliani, tena Windows yenyewe ni ile ile isiyo na apdeti ambayo flashi zinachomekwa kutwa. Kama anayo mashine nyingine ya zamani, aiache na Windows bila intaneti kwa ajili ya ile kazi moja kwa wiki isiyokubali pengine. Hapo nakubaliana na wewe.

---

msanii_wa_kadi

Kwenye Photoshop nijibu mimi maana ndio ugali wangu.

Dada weka GIMP na Inkscape. GIMP ni ya picha, Inkscape ni ya kadi, mabango, stika. Usikubali mtu akwambie GIMP ni Photoshop ya bure, siyo, vitufe viko kwingine na wiki ya kwanza utaichukia. Mimi niliifuta mara mbili. Kama unakumbuka Photoshop kwa vidole na una intaneti siku hiyo, fungua Photopea kwenye brauza, inafanana sana na inafungua PSD, faili za Photoshop.

Passport size nafanya hivi. Picha naisafisha GIMP, nabadilisha bakgraundi iwe bluu au nyeupe, naikata uwiano wa milimita 35 kwa 45. Halafu Inkscape nina ukurasa wangu wa sentimita 10 kwa 15 niliouandaa mara moja, picha inaingia mara nane kamili, nne juu nne chini, na nafasi ya mkasi inabaki. Unaweka moja halafu unaenda Edit, Clone, Create Tiled Clones unaiambia safu mbili kwa nne. Ukiwa na hiyo templeti kila mteja ni kubadilisha picha tu.

Kadi za zamani za CorelDRAW walizokuletea watu, Inkscape inajaribu kuzifungua, LibreOffice Draw pia. Sehemu nyingine inatoka vizuri sehemu nyingine maua yanaruka. Ninachofanya sasa nawaambia wateja waniletee PDF.

Krita usishushe, ni ya wachoraji. Kdenlive kama huhariri video achana nayo.

---

Mzee_wa_CD

Wanangu mmenikumbusha mbali. Mimi Linux nilianza enzi zile Ubuntu wanakutumia CD kwa posta bure kabisa, unajaza fomu mtandaoni, unasubiri wiki kadhaa, unaitwa posta bahasha imefika, waliendelea hivyo mpaka 2011. Ukipata CD mtaa mzima unaazimana. Na kabla ya hapo, mwaka 2004, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa na mradi wa Kilinux, wakatoa OpenOffice yenye menyu za Kiswahili ikaitwa Jambo OpenOffice. Vijana wa sasa hawajui kwamba tulishawahi kubofya "Faili" na "Hariri" kwenye programu ya ofisi.

Kilichobaki mpaka leo kwa faida ya dada ni kikagua tahajia cha Kiswahili. Andika sudo apt install hunspell-sw, halafu kwenye LibreOffice pale chini kwenye mstari wa lugha chagua Swahili (Tanzania). Risala nzima haitakuwa nyekundu tena. Siyo kwamba kinajua kila neno, kitalalamikia maneno mazuri tu, ila herufi zikirukwa kitakusaidia. Na kuna ndugu yake wa kuskani, ocrmypdf pamoja na tesseract-ocr-swa, mteja akileta karatasi iliyochapwa zamani anataka uiandike upya, unaiskani halafu

ocrmypdf -l swa karatasi.pdf matokeo.pdf

na maandishi unaweza kuyakopi ukayapesti, unabaki kusahihisha tu. Karatasi iwe safi lakini. Ya mkono usijisumbue.

Sasa bando. Kwenye duka la Mint programu moja mara nyingi ipo kwa sura mbili, ya kawaida ya mfumo na ya Flatpak. Flatpak huwa mpya zaidi lakini ya kwanza kuiweka inakuja na mizigo yake, mamia ya MB kabla hujaona programu yenyewe. Kwa hiyo chagua ya mfumo kwanza, Flatpak iwe kwa kile kisichopatikana. ONLYOFFICE anayosema Mwalimu ukiichukua dukani ni Flatpak, ukiifuata kwenye tovuti yao kuna faili la .deb, shusha hilo usiku bando la usiku likiwepo.

Ukiwa na rafiki mwenye Mint toleo lile lile na ana intaneti nzuri, aandike sudo apt-get install --download-only na jina la programu, mafaili yatakaa /var/cache/apt/archives, unayabeba kwa flashi. Sharti mashine yake asiwe ameshaiweka hiyo programu. Sisi tulijenga maabara nzima ya shule kwa njia hii.

La mwisho ndilo ningeanza nalo. Timeshift ipo tayari, ifungue uiwashe, apdeti ikiharibu kitu unarudi jana. Lakini Timeshift kwa jinsi ilivyo HAILINDI kazi za wateja, inalinda mfumo tu, folda yako ya nyumbani inairuka. Nimeona mtu analia kwa hili. Kwa kazi zako tumia Backup Tool ya Mint, ipo kwenye menyu, au kopi tu folda kila Jumamosi kwenye diski ya nje ambayo haichomekwi kwa mteja.

---

cyber_ya_Likoni

Mzee wa CD nimecheka, mie nilikuwa nazo mbili, moja niliifanya kitu cha kufukuzia ndege shambani.

Dada nimesahau WhatsApp, maana wateja siku hizi hawaji na flashi, wakutumia. WhatsApp haina programu yake rasmi ya Linux, usishushe zile za kina nani sijui. Kwenye menyu ya Mint kuna kitu chaitwa Web Apps, watia web.whatsapp.com, wapa jina na picha, yakaa kwenye menyu kama programu. Na tumia namba ya ofisi si yako, utaonyeshwa mambo ya watu wewe.

---

Chapa_Kihonda

Jamani sijui niseme nini. Nimechelewa kujibu, juzi na jana kulikuwa na foleni ya maombi.

Niliyoweka mpaka sasa: Carlito na wenzake, mscorefonts (Tab ilikubali!), pdfarranger, Inkscape, GIMP, hunspell-sw, clamav. ONLYOFFICE nitaishusha usiku. Web Apps nimeikuta, WhatsApp ipo. Ile ya gs nimeiandika kwenye karatasi nimebandika pembeni ya skrini, juzi imepunguza vyeti vya mtoto mmoja kutoka MB 11 mpaka chini ya 2 na muhuri unasomeka.

Flashi za shotikati ni kweli!! Mwalimu mmoja alikuwa ameshakata tamaa na mitihani yake ya muhula, nikaifungua yote ipo kwenye folda isiyo na jina. Alinipa elfu tano bila kuulizwa.

Kwenye passport size bado, hiyo Tiled Clones inaniwekea picha zimepandana kama karata. Msanii hapo nakosea nini?

Mwl printa ni Epson ya tenki, imeprinti siku ya kwanza bila kuniuliza kitu. Kuskani ndiko inasumbua, saa nyingine inaonekana saa nyingine haionekani.

Fundi Makabati usikasirike kaka, mashine ya zamani ya Windows ninayo, ipo chini ya meza haina intaneti.

---

msanii_wa_kadi

Kwa kawaida zinapaswa kugusana tu bila kupandana, na nafasi ya mkasi unaiweka mwenyewe. Kwenye hilo dirisha nenda kichupo cha Shift, kwenye Per column upande wa X weka asilimia 3, kwenye Per row upande wa Y weka 3 pia. Bonyeza Reset kwanza kwenye dirisha maana linakumbuka namba za zamani, nadhani ndizo zilizokuvuruga.

---

Mwl_Komandi

Ya skana, ni ya waya au Wi-Fi? Kama ni waya badilisha tundu la USB kwanza na uache kupitia ile hab (kigawanyi cha USB) ya wateja. Kama ni Wi-Fi angalia kama sane-airscan (draiva ya skana za mtandao) ipo, sudo apt install sane-airscan, halafu zima printa uiwashe ndipo ufungue Document Scanner.

---

Chapa_Kihonda

Ilikuwa kwenye hab 🙈 pamoja na flashi tatu na chaja ya simu ya mtu.